Familia moja, magonjwa tofauti ya kinga: kinachorithiwa hasa ni nini?

Baada ya mtu wa pili au wa tatu kuugua, familia nyingi huuliza swali lilelile. Iweje mama awe na ugonjwa wa tezi ya shingo, mama mdogo awe na lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia viungo vingi), na mtoto apate kisukari aina ya kwanza, ilhali magonjwa haya hayaambukizi na hata dalili zake hazifanani? Jibu ni kwamba yanatofautiana hasa kwa kiungo kinachoshambuliwa. Chanzo chake kinakaribiana sana: kinga ya mwili imeacha kuzivumilia tishu zake yenyewe, na jeni zinazosimamia uvumilivu huo ni zilezile kwa sehemu kubwa. Hakuna anayerithi lupasi yenyewe, wala baridi yabisi yenyewe. Anachorithi mtu ni jinsi kinga yake ilivyopangwa: inaonyeshwa nini, inashtuka upesi kiasi gani, na inachukua muda gani kutulia. Ni ugonjwa upi utakaoota juu ya mpangilio huo, na kama utaota wowote, ni suala linaloamuliwa na mambo mengine pia.

Nalisisitiza hili kwa sababu kutolielewa kunaleta madhara mawili. Wapo wanaokimbilia vipimo vya jeni ambavyo haviwaambii chochote cha kufanyia kazi. Na wapo wanaokaa miaka bila vipimo vya kawaida vya damu ambavyo vingewaokoa, kwa kuwa hawakujua kwamba kisukari cha mtoto na tezi ya mama ni habari moja.

Tuanze na mapacha wa kufanana, maana wana jeni zilezile karibu zote. Kama jeni pekee zingeamua, pacha mmoja akiugua mwenzake angeugua pia kila mara. Haiwi hivyo. Katika baridi yabisi, pacha wa pili hupata ugonjwa huo kwa takribani 12 hadi 15 kati ya 100. Katika maltipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu ala za neva za ubongo na uti wa mgongo, ni karibu robo. Katika kisukari aina ya kwanza ni kati ya theluthi na nusu, na huongezeka kadiri miaka inavyopita. Ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni ya ngano, shayiri na rai huchochea kinga kuuharibu utumbo mdogo, unapita yote: takribani robo tatu. Kwa hiyo jeni zina uzito mkubwa, lakini hata panapokuwa na uzito mkubwa kabisa hubaki nafasi ya virusi, moshi wa tumbaku, homoni, bakteria wa utumbo, na bahati tu ya namna seli za kinga zilivyochanganya vipokezi vyake.

Eneo la HLA kwenye kromosomu ya 6

Ukitaka kujua jambo moja tu kuhusu jeni za magonjwa haya, jua HLA. Ni kundi la jeni lililosongamana kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 6, na hakuna eneo jingine la jenomu linalotofautiana kati ya mtu na mtu kama hili. Jean Dausset alieleza alama ya kwanza ya HLA mwaka 1958, na mwaka 1980 alishiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Baruj Benacerraf na George Snell kwa kazi ya eneo hili.

Protini za HLA hukaa juu ya uso wa seli. Kila moja ina mfereji mwembamba ambamo hushikiliwa kipande kifupi cha protini, na seli T, askari wa kinga, hupita zikikagua kipande hicho. Kikiwa cha kirusi, seli T hushambulia. Kikiwa cha mwili wenyewe, zinatakiwa zipite tu. Umbo la mfereji ndilo linaloamua vipande gani vitashika vizuri na vipi vitateleza, na umbo hilo hubadilika kwa tofauti ya asidi amino chache tu. Mwaka 1987 John Todd, John Bell na Hugh McDevitt walionyesha kwamba nafasi moja, ya 57 kwenye mnyororo wa beta wa HLA-DQ, mojawapo ya protini za HLA, ina uhusiano mkubwa na kisukari aina ya kwanza. Mwaka huohuo Peter Gregersen na wenzake walitambua kwamba matoleo kadhaa ya HLA-DRB1 yanayoleta baridi yabisi yana mfuatano unaofanana kwenye nafasi za 70 hadi 74. Yaani matoleo yenye majina tofauti, lakini sehemu inayogusana na kipande cha protini ni ileile.

Hapa ndipo magonjwa yanapoanza kukutana. Jeni za HLA ziko karibu sana, hivyo hurithiwa kwa mafungu: fungu moja kutoka kwa baba, jingine kutoka kwa mama. Fungu linaloitwa DR3-DQ2 huongeza hatari ya kisukari aina ya kwanza, siliaki, ugonjwa wa Graves unaoifanya tezi ya shingo ifanye kazi kupita kiasi, ugonjwa wa Addison unaoziua tezi zilizo juu ya figo, lupasi, na homa ya ini inayotokana na kinga. Orodha hiyo si ya kubahatisha. Mtu mwenye kisukari aina ya kwanza akipatikana na siliaki au Graves, mara nyingi fungu hili ndilo linaloyaunganisha. Fungu jingine, DR4-DQ8, huongeza kisukari aina ya kwanza na siliaki. Mtoto aliyepata DR3-DQ2 kwa mzazi mmoja na DR4-DQ8 kwa mwingine ana hatari ya kisukari iliyo kubwa kuliko ya mtoto mwenye nakala mbili za fungu lolote kati ya hayo, kwa sababu minyororo kutoka mafungu mawili inaweza kuungana na kuunda mfereji mpya ambao hakuna mzazi aliyekuwa nao. Hata hivyo, kwa watoto wa aina hiyo wanaotoka katika jamii yote kwa ujumla, ni takribani 1 kati ya 20 tu anayepata kisukari hicho. Kumi na tisa hawapati.

HLA-B27 ni mfano mwingine unaofaa kutulia nao. Uhusiano wake na ugonjwa wa uti wa mgongo kukakamaa uligunduliwa mwaka 1973. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, takribani 90 kati ya wagonjwa 100 wanayo. Geuza swali: kati ya watu wote wenye B27, wangapi wataugua? Ni 5 kati ya 100 au pungufu. Takwimu hizi mbili huchanganywa kila siku, na mkanganyiko huo umewafanya watu wengi wenye maumivu ya kawaida ya mgongo waishi wakijihesabu wagonjwa.

Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kurithi mafungu yote mawili yanayofanana, 1 kati ya 2 ya kushiriki fungu moja, na 1 kati ya 4 ya kutoshiriki lolote. Hiyo ni sababu mojawapo ya katika nyumba moja mtoto mmoja kuugua na mwenzake kubaki salama, hata kama wamelelewa na kulishwa sawasawa.

Nje ya HLA

Mwaka 2004 toleo moja la jeni PTPN22, kwenye kromosomu ya 1, lilihusishwa na kisukari aina ya kwanza, na mwaka huohuo na baridi yabisi. Baadaye likaonekana kwenye Graves, lupasi, Addison, vitiligo (mabaka meupe ya ngozi) na miasthenia, ugonjwa unaodhoofisha misuli. Tofauti ni herufi moja ya DNA: asidi amino ya 620, ajinini, inabadilishwa na triptofani. Protini ya PTPN22 huamua nguvu ya ishara inayopita ndani ya seli T na seli B pale kipokezi chake kinapoguswa. Ishara ikibadilika, seli zinazopaswa kuondolewa zinapokuwa changa huponyoka na kuingia kwenye damu.

Jeni CTLA4, kwenye kromosomu ya 2, hutengeneza breki ya seli T. Matoleo yanayoilegeza kidogo huongeza hatari ya Graves, Hashimoto (ugonjwa wa kinga unaoidhoofisha tezi ya shingo) na kisukari aina ya kwanza. Ushahidi wa nguvu zaidi ulitoka mahali pasipotarajiwa, kwenye matibabu ya saratani: dawa ya ipilimumab huifunga CTLA4 kwa makusudi ili seli T ziue uvimbe, na wagonjwa wanaoitumia hupata kuvimba kwa utumbo mpana, tezi ya shingo na tezi ya pituitari. Kinyume chake, abatasepti, dawa iliyotengenezwa kutokana na CTLA4 yenyewe, inatibu baridi yabisi.

STAT4 inaunganisha lupasi, baridi yabisi na ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na mdomo. IFIH1, kihisi cha virusi ndani ya seli, inaunganisha kisukari aina ya kwanza na lupasi. Matoleo yake adimu yaliyovunjika humlinda mtu na kisukari, jambo linaloipa nguvu hoja kwamba virusi vina mkono katika ugonjwa huo. Zipo nyingine nyingi. Uchunguzi wa jenomu nzima, ulioanza kuzaa matunda makubwa kuanzia mwaka 2007, umezitaja sehemu mamia, na nyingi zinatokea kwenye zaidi ya ugonjwa mmoja. Sehemu kubwa hazimo ndani ya jeni. Zimo kwenye vipande vya DNA vinavyoamua jeni iwake lini na kwa nguvu gani, hasa ndani ya seli za kinga. Hii ndiyo sababu kipimo cha kutafuta "jeni iliyoharibika" hakipati kitu kwa wagonjwa wengi: jeni zao ni nzima, kilichobadilika ni kiwango cha matumizi.

Na jinsia? Lupasi huwapata wanawake takribani 9 kwa kila mwanamume 1 katika umri wa kuzaa, Hashimoto na Graves nazo ni za wanawake zaidi, huku kisukari aina ya kwanza kikikaribia usawa. Homoni zinachangia, lakini kromosomu ya X yenyewe ina sehemu yake. Wanaume wenye X mbili na Y moja wana hatari ya lupasi takribani mara 14 ya wanaume wengine, inayolingana na ya wanawake. Jeni TLR7, inayohisi RNA ya virusi, imo kwenye X, na kwenye baadhi ya seli nakala zote mbili hubaki zinafanya kazi badala ya moja kuzimwa. Mwaka 2022 badiliko moja la TLR7 lilionyeshwa kuwa linatosha lenyewe kuleta lupasi kwa mtoto.

Toleo hilohilo hulinda huku na kudhuru kule

Sehemu hii ndiyo inayoniudhi inapoachwa nje ya maelezo ya wagonjwa, kwa sababu bila hiyo mtu anaondoka akiamini ana jeni mbaya. Fungu la HLA-DR15 pamoja na DQB1*06:02 huongeza hatari ya maltipo sklerosisi karibu mara tatu. Fungu hilohilo ni miongoni mwa kinga kali zaidi zinazojulikana dhidi ya kisukari aina ya kwanza. Lile toleo la PTPN22 linaloleta kisukari na baridi yabisi hupunguza hatari ya ugonjwa wa Crohn wa utumbo, na halina uhusiano na maltipo sklerosisi. Toleo moja la jeni TYK2 linalodhoofisha ishara za saitokini, kemikali ambazo seli za kinga huwasiliana nazo, hulinda dhidi ya soriasisi (ugonjwa wa ngozi yenye magamba), baridi yabisi, lupasi, maltipo sklerosisi na mengine. Lakini mwenye nakala mbili hupambana vibaya na kifua kikuu. Jeni hizi zilibaki miongoni mwa watu kwa sababu ziliwasaidia kuishi na maambukizi. Kinga iliyo tayari kupigana ilikuwa faida, na bado ni faida.

Mwelekeo huo unafundisha hata kuhusu dawa. Toleo la jeni TNFRSF1A linaloongeza hatari ya maltipo sklerosisi hutengeneza kipokezi kifupi kinachonasa TNF, saitokini inayochochea uvimbe, sawa na zifanyavyo dawa za kuzuia TNF. Dawa hizo zimebadilisha maisha ya wagonjwa wa baridi yabisi na Crohn. Zilipojaribiwa kwenye maltipo sklerosisi miaka ya 1990, hali ya wagonjwa ilizidi kuwa mbaya. Kwa hiyo familia ikiwa na mtu wa baridi yabisi na mwingine wa maltipo sklerosisi, daktari anayetaka kuanzisha dawa ya TNF lazima aambiwe habari za wote wawili, na dalili za ganzi, kuona ukungu au jicho kuuma wakati wa dawa hiyo zisipuuzwe.

Mfano wa pili ni wa kutia moyo, wenye tahadhari yake. Toleo la kipokezi cha IL-23, saitokini nyingine, hulinda dhidi ya Crohn, soriasisi na uti wa mgongo kukakamaa. Dawa zinazozuia IL-23 zikafanya kazi vizuri kwenye Crohn na soriasisi. Kwenye uti wa mgongo zikashindwa majaribio. Dawa za kuzuia IL-17, jirani yake wa karibu, zinasaidia ngozi na uti wa mgongo, lakini zimewazidishia ugonjwa watu wenye Crohn. Jeni huonyesha njia ambayo ugonjwa ulipita ulipoanza, na haisemi kama kuifunga njia hiyo baadaye kutauzima. Kwa TYK2 bahati ilikuwa nzuri: deukravasitinibu, kidonge kinachoizuia, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa ajili ya soriasisi.

Hesabu ambayo kampuni za vipimo hazikuandikii kwa herufi kubwa

Ripoti ya kipimo cha jeni inaweza kusema una toleo la PTPN22 "linaloongeza hatari ya kisukari aina ya kwanza kwa asilimia 80". Inatisha. Sasa chukua hatari ya msingi, takribani 4 kati ya 1,000 katika nchi ambako ugonjwa huo ni wa kawaida. Ongeza asilimia 80: unapata karibu 7 kati ya 1,000. Watu 993 hawataugua. Daima uliza hatari kamili, siyo mara ngapi imeongezeka.

Linganisha na historia ya familia. Ndugu wa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza ana hatari ya takribani 5 kati ya 100, yaani zaidi ya mara kumi ya jamii. Mzazi, mtoto au ndugu wa mgonjwa wa siliaki ana hatari ya kati ya 7 na 10 kwa 100. Hakuna toleo moja nje ya HLA linaloikaribia nguvu hiyo. Kumuuliza bibi kuhusu ndugu zake kuna thamani kubwa kuliko kutema mate kwenye kichupa.

Lipo pia tatizo la asili ya watu waliochunguzwa. Wengi wao ni wenye asili ya Ulaya. Toleo la PTPN22 tulilozungumzia ni la kawaida Ulaya Kaskazini na ni adimu sana Afrika na Asia Mashariki. Alama za jumla za hatari, zinazokusanya matoleo mengi na kutoa namba moja, hupoteza usahihi zinapotumiwa kwa watu wa asili nyingine, hasa wa Afrika, ambao jenomu zao zina tofauti nyingi zaidi. Mtu wa Afrika akiambiwa hatari yake ni "ya chini" na alama iliyotengenezwa kwa Wazungu, hajaambiwa chochote.

Je, kuna wakati kipimo cha jeni kinafaa? Ndiyo, mara chache na kwa swali mahsusi. HLA-DQ2 na DQ8 kwa siliaki ni mfano mzuri, kwa sababu thamani yake iko kwenye jibu la "hakuna". Watu 30 hadi 40 kati ya 100 katika jamii nyingi wana mojawapo, hivyo kuwa nayo hakuthibitishi ugonjwa. Kutokuwa nayo karibu kunaufuta kabisa. Tena jibu haliathiriwi na mtu kuwa ameshaacha gluteni, ilhali vipimo vya kingamwili, protini ambazo kinga hutengeneza dhidi ya kinachoshambuliwa, huathiriwa. Hufanyika mara moja tu maishani. Wakati mwingine ni pale jeni moja inapodhaniwa kuwa chanzo chote. Mtoto mchanga wa kiume mwenye kuhara kusikokoma, ukurutu mkali na kisukari huenda ana hitilafu ya FOXP3, jeni ya seli T za udhibiti. Ugunduzi wa seli hizo na jeni hiyo uliwapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025. Mtoto mwenye fangasi wa mdomoni wasioisha, kalsiamu iliyoshuka, kisha Addison, achunguzwe jeni AIRE, inayosaidia kuzifundisha seli T kuuvumilia mwili. Kisukari kinachoanza kabla ya miezi 6 ya umri nacho ni cha kupimwa jeni, kwani mara nyingi si aina ya kwanza hata kidogo, na baadhi ya watoto hao hutibiwa kwa vidonge badala ya insulini.

Kwa familia yenye zaidi ya ugonjwa mmoja

Mwenye kisukari aina ya kwanza apimwe TSH (homoni inayoiamuru tezi ya shingo kufanya kazi) na kingamwili za tezi ya shingo baada ya kugunduliwa, lakini sukari ikishatulia, kwa sababu mwili ulio katika hali mbaya hutoa majibu ya tezi yasiyo ya kweli. TSH irudiwe kila mwaka 1 hadi 2. Kwa siliaki, apimwe kingamwili ya tTG, alama ya siliaki kwenye damu, ya aina ya IgA (kundi mojawapo la kingamwili) pamoja na kiwango cha IgA yote, mwanzoni, tena ndani ya miaka 2, na tena miaka 5 baada ya kugunduliwa, hata kama hana dalili. IgA yote haipaswi kusahaulika. Watu 2 hadi 3 kati ya 100 wenye siliaki hawana IgA ya kutosha, na kwao kipimo kinarudi "hakuna" huku utumbo ukiharibika. Kosa jingine la mara kwa mara ni kuacha gluteni kwanza, ukajisikia nafuu, kisha ukapime: kingamwili hushuka na ugonjwa unafichika. Pima kwanza, badilisha chakula baadaye.

Anayemeza biotini kwa ajili ya nywele na kucha, miligramu 5 au 10, aiache angalau siku 2 kabla ya vipimo vya tezi. Mashine nyingi za maabara hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, na iliyozidi kwenye damu hushusha TSH na kupandisha homoni za tezi kwa uongo, hata kingamwili za Graves zikaonekana zipo. Watu wamewahi kuanzishiwa matibabu ya Graves ambayo hawana.

Addison ni adimu lakini inaua, na ndiyo inayokosewa zaidi. Mwenye kisukari aina ya kwanza ambaye ghafla anahitaji insulini kidogo kuliko zamani, anashuka sukari mara kwa mara, anapungua uzito na kutamani chumvi, apimwe kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, saa mbili asubuhi. Ngozi huwa nyeusi zaidi. Kwa watu weusi angalia fizi, mistari ya viganja na makovu mapya. Na kama mtu huyo pia ana tezi iliyolegea, kotisoli irudishwe kwanza, thairoksini (homoni ya tezi ya shingo) baadaye. Thairoksini huharakisha matumizi ya kotisoli kidogo iliyobaki, na ikitangulia inaweza kumwangusha mgonjwa ndani ya siku chache.

Ndugu wa mwenye kisukari aina ya kwanza wanaweza kupimwa kingamwili nne zinazolenga insulini na protini za seli zinazoitengeneza: za insulini, GAD, IA-2 na ZnT8. Mtoto mwenye mbili au zaidi ana uwezekano wa takribani 70 kati ya 100 wa kuugua ndani ya miaka 10. Faida ya kujua ni kwamba wazazi wanatambua kiu na mkojo mwingi mapema, kabla mtoto hajafika hospitali akiwa hajitambui. Tangu mwaka 2022 ipo pia teplizumabu, iliyoidhinishwa Marekani kuchelewesha ugonjwa kwa wenye kingamwili hizo ambao sukari yao imeshaanza kuyumba.

Kipimo ambacho ningekushauri usikimbilie bila dalili ni ANA, kinachotafuta kingamwili dhidi ya kiini cha seli na hutumika kuchunguza lupasi. Kwa kiwango cha 1:80, yaani damu ikiwa imezimuliwa mara 80, huonekana kwa takribani 13 kati ya watu wazima 100 wenye afya njema, na kwa ndugu wa wagonjwa wa lupasi ni wengi zaidi. Jibu la "ipo" kwa mtu asiye na maumivu ya viungo, vipele, vidonda vya mdomo wala protini kwenye mkojo huleta miaka ya hofu bila tiba yoyote ya kuanza.

Jeni hazibadiliki, tumbaku inaachika. Katika baridi yabisi yenye kingamwili za anti-CCP, alama ya damu ya ugonjwa huo, mvutaji mwenye nakala mbili za ule mfuatano wa HLA-DRB1 alionekana kuwa na hatari mara 21 ya asiyevuta asiye nao. Ni wazi kwamba moshi na jeni havijumlishwi tu, vinazidishana. Moshi pia hufanya macho ya wagonjwa wa Graves yazidi kutokeza, na huongeza hatari ya maltipo sklerosisi. Kwa ndugu wa mgonjwa yeyote kati ya hawa, kuacha sigara kuna nguvu kuliko kipimo chochote nilichokitaja hapo juu.

Andikeni basi karatasi moja ya familia, vizazi vitatu. Kwa kila mtu: ugonjwa, umri ulipoanza, ulithibitishwaje, na dawa zilizomdhuru. Msiandike "tezi" tu. Tofautisheni tezi iliyozidi, iliyopungua, na goita ya upungufu wa madini joto, ambayo haihusiani na haya. Msiandike "kisukari" tu. Aliyeanza insulini mara moja akiwa kijana na aliyeanza vidonge akiwa na miaka 55 ni watu wa magonjwa mawili. Wekeni vitiligo, upungufu wa damu wa vitamini B12, soriasisi, na mimba zilizoharibika mfululizo, maana watu huviacha wakidhani ni mambo ya ngozi au ya uzazi. Karatasi irudiwe kila anapogundulika mtu mpya: kati ya ugonjwa wa kwanza na wa pili kwa mtu mmoja inaweza kupita miaka 20.